CHOMBO KINAPOKWENDA MRAMA

  Leo nimekuja na neno moja tu mfukoni, nalo ni neno la mabaharia. Neno lenyewe ni mrama.

Mimi ni mchungaji wa hapa Kimbo, mahali pa bara kabisa, kando ya barabara kuu iendayo Thika, ukishapita Ruiru na kabla hujafika Juja. Zamani nchi hii ilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge. Leo ni nyumba za kupanga, maduka ya mbao na mabati, na pikipiki zisizohesabika. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kilomita 500 hivi, na katika kanisa langu wamo wazee waliozaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu, bila kuonja maji ya chumvi. Walakini hapiti juma bila kusikia mtu akisema kwamba mambo yake yamekwenda mrama. Mvua ikichelewa, mambo yamekwenda mrama. Posa ikikataliwa, yamekwenda mrama. Juzi fundi wa magari aliniambia hivyo juu ya sanduku la gia. Basi nikajiuliza, hili neno limepandaje mlima wote huu mpaka kwetu, na limepoteza nini njiani?

Twende kwanza kwa wenyewe. Ukimwuliza mtu wa pwani aliyekulia chomboni, atakwambia kwamba mrama ni mwendo wa chombo kinapoyumba juu ya mawimbi: kinalala ubavu wa kushoto, kinainuka, kinalala ubavu wa kulia, kinainuka tena. Ndivyo walivyoeleza pia watunga kamusi wa zamani. Kamusi iliyotolewa mwaka 1939 kwa jina la Bwana Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, huliweka neno hili baharini kabla ya mahali pengine popote. Nalo ni jina, si kielezi. Lina wingi wake, mirama, kama mlima na milima, ingawa sisi wa bara tumezoea kulitia nyuma ya kitenzi tu na kulisahau hapo.

Wale wageni wa kwanza waliokusanya maneno ya Kiswahili walikuwa na sababu nzuri ya kuyajua ya baharini. Dakt. Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ilipigwa chapa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Lakini alipoondoka Aden mara ya kwanza, Novemba 1843, chombo alichopanda pamoja na mkewe kiliingia maji, ikawabidi kurudi, kisha wakaanza safari upya. Mtu aliyepita hapo hahitaji mwalimu wa kumfafanulia kuyumba na kuzama.

Nami nilifundishwa neno hili na mzee mmoja wa Lamu, tena kwa aibu. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, nikapelekwa pwani kwa likizo ili nijionee kazi ya kanisa kule. Siku moja ikanipasa kuvuka kwenda Faza, katika kisiwa cha Pate. Tukapanda mashua ya tanga, abiria kumi hivi, pamoja na magunia ya unga, madebe ya mafuta na mbuzi wawili. Ndani ya mlango wa bahari maji yalikuwa kimya. Tulipotoka nje kidogo, upepo ukapungua ghafula, lakini mawimbi makubwa ya bahari kuu hayakupungua. Tanga likalegea, likawa linapigapiga mlingoti. Mashua ikaanza kulala huku na huku, nami nikaona maji yako karibu na kiwiko changu. Nikasahau yote niliyosoma juu ya imani. Nikapaza sauti, “Mzee wangu, chombo kinazama!”

Yule nahodha hata hakugeuka. Alisema, “Hakizami, mwanangu. Chaenda mrama tu. Keti chini.”

Kisha akawaambia vijana wake wahamishe magunia mawili ya mchanga kutoka upande mmoja kuyapeleka mwingine, mama mmoja akaombwa asogee na mtoto wake, mbuzi wakavutwa katikati. Mashua iliendelea kuyumba, lakini sasa ilikuwa inayumba kwa adabu. Upepo uliporudi, tanga likashiba, na kuyumba kwenyewe kukaisha. Hapo ndipo nilipouliza maswali, kwa kuwa aliye salama huwa na maswali mengi.

Alinieleza kwamba tanga lililojaa upepo ni kama mkono wa mtu aliyekushika bega. Unaegemea upande mmoja, lakini huyumbi. Chombo huyumba sana mambo matatu yanapotokea. La kwanza ni kama lile letu, upepo kufa na mawimbi kubaki. La pili ni kupeperushwa na upepo utokao nyuma moja kwa moja, kwa maana hapo tanga halikishikilii chombo upande wowote. Nilistaajabu, maana mimi nilidhani upepo wa nyuma ndio raha ya baharia. La tatu ni shehena iliyopangwa vibaya, au uzito mdogo chini.

Uzito huo wa chini una jina lake, farumi. Chombo kikitoka bandarini bila mzigo wa kutosha, hutiwa mawe au mchanga chini kabisa ili kisiwe chepesi juu ya maji. Farumi haiuzwi mahali popote wala haimlipi mtu nauli. Hukaa gizani miguuni pa kila mtu, na asiyejua kazi yake angeitupa ili chombo kiende mbio. Neno hili halikupanda bara. Sijapata kulisikia Kimbo hata mara moja, na naona ni hasara.

Majahazi makubwa ya zamani yalikuwa na mashaka ya namna hiyo kwa ukubwa zaidi. Kwa pepo za kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, yalishuka kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yakileta tende, chumvi, mazulia na samaki wakavu. Na kusi ilipoanza kuvuma, yalirudi kwao na boriti za mikoko. Baharia mmoja wa Australia, Bwana Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939. Alifika Unguja, kisha delta ya Rufiji, ambako mabaharia walipakia boriti katika matope na mbu. Boriti hizo ndizo zilizoezeka nyumba kule Ghuba, nchi isiyo na miti. Fikiri mwenyewe kazi ya kuzipanga ngamani, boriti juu ya boriti, hata uzito ulale sawasawa pande zote, maana mbele kulikuwa na safari ya majuma mengi, na boriti zikihama katikati ya bahari hapana wa kuzirudisha.

Nimetaja ngama. Wanafunzi wetu hukariri methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mwalimu akiuliza maana wanajibu vizuri sana: mtu hata akienda wapi hurudi kwao. Lakini waulize tezi ni nini. Watatazamana. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni tumbo lake chini, ambako maji yanayopenya hujikusanya. Baharia atatembea mbele na nyuma mchana kutwa, lakini lazima ashuke kukumba maji yale.

Methali ndizo zilizolivusha neno letu kutoka majini hadi nchi kavu. Iko moja ambayo kila kamati ya kanisa yapaswa kuibandika ukutani: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa chombo bado ni chombo, bahari bado ni bahari, lakini msemaji anatazama watu. Na ile picha ni sahihi kwa ufundi wake pia. Nahodha mmoja akiamuru chombo kipande upepo, na wa pili akiamuru kiuache, tanga halishibi upande wowote, chombo hukosa mwendo, kikalala ubavu kwa mawimbi. Hakikupigwa na dhoruba, wala mwamba haukukigusa. Kilikosa kushikwa bega.

Neno nahodha lenyewe latoka Uajemi. Ni maneno mawili yaliyoungana, la kwanza likiwa na maana ya chombo cha majini, la pili bwana au mwenyewe. Hilo la pili ndilo Waajemi walitumialo hata leo kumtaja Mungu. Mabaharia wakalichukua kila bandari ya Bahari ya Hindi. Kwetu sisi limekuwa jina la kijana avaaye kitambaa mkononi katika timu ya mpira. Ndugu zake ni wengi. Usukani ulikuwa wa chombo, sasa ni wa matatu. Rubani alikuwa mwongozaji wa merikebu, sasa yuko angani katika ndege. Abiria ni mtu wa kuvuka maji, nasi tumemwambia asonge kidogo apate kukaa mwenzake wa nne. Ukikaa katika gari pale Ruiru, unasafiri kwa maneno ya baharini tangu mlangoni hadi kiti cha nyuma, isipokuwa matusi, ambayo ni mali yetu wenyewe.

Yalikujaje? Kwanza kwa miguu, pamoja na misafara ya wapagazi. Kisha kwa reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Tawi la Thika lilifunguliwa 1913, likapita Ruiru. Kiswahili kikawa lugha ya kazi katika mashamba ya walowezi, tena Kiswahili kigumu cha kuamrishana, na sidhani kama neno laini kama mrama lilitumika sana mle. Kwa maoni yangu waliolileta hasa ni redio na mwalimu. Watangazaji wa Kiswahili, wengi wao watu wa pwani au waliolelewa kwa lugha ya pwani, walileta msamiati wao nyumbani kwetu kila jioni. Kisha mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Mimi ni mtoto wa mfumo huo. Tuliambiwa kwamba insha nzuri ni ile iliyotiwa misemo, nasi tukaitia kama chumvi iliyomwagika. Katika kila insha ya safari, lazima gari lingeharibika kwenye aya ya tatu, na mambo yangekwenda mrama. Sikumbuki mwanafunzi hata mmoja wa darasa letu aliyeuliza kinachoyumba ni nini.

Na hapa ndipo neno lilipopoteza kitu. Kwa baharia, mrama una kwenda na kurudi. Chombo kikilala bila kuinuka, yeye halitumii neno hili tena. Husema kimepinduka au kimezama. Hata kile kitenzi tunachokitamka bila kukisikia kina habari: chombo chaenda mrama. Jahazi lililovutwa pwani, likategemezwa kwa magogo, haliwezi kwenda mrama, wala haliendi mahali popote. Lakini sisi wa bara tumelifanya neno la mwisho wa mambo. Mtu akisema maisha yake yamekwenda mrama, ana maana yamekwisha.

Msidhani nafanya mzaha na hatari. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe pale Mombasa ilipinduka ikiwa imepakia watu kupita kiasi, mwendo mfupi tu kutoka gati, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wakienda kazini asubuhi kama siku nyingine zote. Huo haukuwa mrama. Ndiyo maana watu wa bahari hawapendi maneno haya yachanganywe. Aliyezoea kuita kila kuyumba kuzama atachoka kuogopa, na siku ya kuzama kwenyewe hataruka. Na yule anayeita kila hatari kuyumba tu ataendelea kupakia abiria.

Sisi wahubiri tuna lawama yetu. Mara ngapi nimesimama mimbarani nikasoma Matendo 27, safari ya Paulo kwenda Rumi, nikasema merikebu ilikwenda mrama? Tazama yaliyotokea mle: siku kumi na nne za dhoruba bila kuona jua wala nyota vizuri, shehena ikatupwa, vyombo vya merikebu vikatupwa, nanga nne zikashushwa nyuma, na mwisho merikebu ikavunjika mchangani, ingawa watu wote 276 walifika pwani. Kuiita hiyo mrama ni kumwambia aliyeunguliwa na nyumba kwamba ameingiwa na moshi. Anayetaka mrama wenyewe asome Zaburi ya 107, pale mabaharia wanapopepesuka sitahani kama walevi. Aliyeandika maneno yale, nina hakika, alikuwa ameshika kamba ya chombo kwa mikono yake au ameketi karibu na aliyeishika.

Sasa nirudi Kimbo. Mwaka jana chama cha akiba cha akina mama, wanachama kumi na wanane, waliniomba niketi nao kama msuluhishi. Wengine ni wa kanisa letu, wengine si wetu. Walikuwa wameweka akiba miaka sita, na sasa walitaka kuvunja chama siku ile ile. Katibu alinisomea kumbukumbu za mkutano uliopita. Mstari wa mwisho ulikuwa na maneno matatu: Chama kimekwenda mrama.

Nilimwuliza mwenyekiti, “Mama, fedha zimeibwa?”

Akasema, “Hapana, mchungaji. Lakini hazipo.”

Basi nikawaomba daftari la mikopo, tukalisoma jina kwa jina, tangu saa nane hadi taa zikawashwa. Haikuwa kazi ya furaha. Mama mmoja alilia. Wengine wawili hawakusemezana hata chai ilipoletwa. Lakini tulipomaliza kujumlisha, tuliona kwamba fedha karibu zote zilikuwako, ila zilikuwa mikononi mwa watu watatu. Hao watatu walikuwa wamekopeshwa tena na tena kwa sababu ya haya, maana walikuwa viongozi, na kila kiongozi alikuwa akitoa ruhusa peke yake bila kuuliza wenzake. Na mfuko wa dharura, ile fedha isiyokopeshwa mtu, ulikuwa umetolewa wote mwaka uliotangulia ili gawio liwe nono kwa Krismasi.

Wasikilizaji, nilikaa pale nikaiona mashua ya Lamu kama inavyoonekana picha ukutani. Nahodha wengi. Shehena imelala upande mmoja. Farumi imetupwa baharini ili chombo kiende mbio.

Niliwasimulia habari za yule mzee na magunia yake ya mchanga. Sijui kama walinisikiliza sana, maana watu wenye hasara hawana hamu ya hadithi za pwani. Aliyeelewa upesi ni mama mmoja mzaliwa wa Kilifi, aliyekuja huku kwa ndoa, ambaye alikuwa kimya jioni nzima. Alicheka, akaniuliza, “Kwani nyinyi mlidhani mrama ni kuzama?” Kisha akawaambia wenzake kwa lugha iliyo nyoofu kuliko yangu kwamba mizigo ihamishwe.

Walikubaliana mambo mawili tu usiku ule. Wale watatu watalipa kidogo kidogo kila mwezi mbele ya mkutano mzima, na hapana mkopo mpya mpaka mfuko wa dharura urudi. Juu ya uongozi hawakuafikiana, na hawajaafikiana hadi leo ninapowaambia haya. Mmoja wa wale watatu amehama, hatujui atalipa lini. Wawili wanalipa.

Mwezi wa tatu katibu alikuja nyumbani na daftari lake, akaniuliza kama alifute lile neno, kwa kuwa wageni wa kutoka idara ya vyama wangekuja kukagua na ingekuwa aibu. Nilimwambia aliache. Liko pale, kwa wino wa buluu, na chini yake, kwa wino mweusi, ameandika jumla ya mwezi ule.